Mwambie Baba Kuna Kitu Kinagonga

Kadi ya pikipiki ina jina langu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee katika habari hii ambalo hakuna anayeweza kuninyang'anya. Kadi ipo kabatini, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vyeti vyangu vya ualimu. Kila ninapofungua kabati naigusa.

Pikipiki yenyewe ni ya Kiitaliano, nyekundu, ya silinda mbili, yenye tangi refu linalokulazimisha uiname mbele kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha barabarani. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoshindana mbio. Ilipandishwa huku Usambara na Mtaliano aliyekuja kufunga mashine za kupasulia mbao, na alipoondoka akamwachia baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana, fundi katika karakana ya misheni hapa Gare. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimekulia nyumba moja nayo kama wengine wanavyokulia nyumba moja na kaka mkubwa anayesifiwa na wageni.

Sasa nitasema wazi ili nisimsumbue msomaji. Nimemwonea wivu mke wangu kwa sababu ya pikipiki hii. Sisemi ule wivu wa mwanamume anayechungulia simu ya mkewe. Huo watu wangeuelewa, labda hata wangenionea huruma. Wangu ulikuwa wa kijinga zaidi. Niliona wivu kwa sababu mke wangu alisikia kitu ambacho mimi nilidai nakisikia tangu utotoni, na baba yangu akajua kwamba anasikia.

Baba hakuwa na kifaa cha kupimia. Alikuwa na kipande cha mpira, urefu wa mkono, alichokikata kwenye bomba la kumwagilia bustani. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kulia, kisha ya kushoto, akisikiliza kama zote mbili zinavuta hewa sawasawa. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi alinipa ule mpira kwa mara ya kwanza.

"Unasikia?" aliniuliza.

Nilisikia kelele. Nilisikia ngurumo moja kubwa isiyo na kulia wala kushoto.

"Nasikia, baba," nilisema.

Uso wake ulifunguka. Baba si mtu wa kucheka ovyo, na kwa uso ule ningesema nasikia hata malaika. Tangu siku hiyo sikuwa na pa kurudi. Kila aliponiuliza, nilisikia. Nilisikia valvu iliyoachia, nilisikia cheni iliyolegea, nilisikia gasketi inayovuja. Nilimwangalia jicho lake linaelekea wapi, kisha nikataja kitu cha upande huo. Nilipomaliza sekondari nilikuwa nimesikia kila kilichomo ndani ya injini ile, na sikuwa nimesikia hata kimoja.

Nilipoajiriwa ualimu, katika shule moja mjini Lushoto, baba alinipeleka kuandikisha kadi kwa jina langu. Alisema mikono yake imeanza kutetemeka, na pikipiki inahitaji mtu mwenye masikio.

Mke wangu ni mtu wa Malindi, ya huku huku Usambara na si ile ya pwani, binti wa wakulima wa kabichi na viazi, fundi cherehani. Cherehani ndiyo iliyomharibia dunia, au tuseme ndiyo iliyoniharibia mimi. Anaweza kusimamisha kushona katikati ya pindo, nguo ikiwa bado nzuri kabisa, akasema sindano imepinda. Unaitoa, unaitazama kwenye mwanga, imepinda kweli. Wakati wa uchumba nilikuwa nikiwasimulia wenzangu jambo hilo kwa majivuno.

Nyumbani kwetu mke wa mwana na baba mkwe wana mipaka yao. Shikamoo ipo, tena ni lazima, na huitoa akiwa amekunja goti na macho yakiwa chini. Zaidi ya hapo hawazungumzi ana kwa ana, hawakalii kiti kimoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kikombe cha chai kinawekwa juu ya kigoda. Mkwe akishasogea, baba anakichukua. Likiwepo neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Walimu wenzangu wananicheka nikiwaeleza, maana kwao mambo hayo yalishakwisha. Kwetu marehemu mama ndiye aliyeyashika, na alipofariki, mwaka mmoja kabla ya harusi yangu, baba aliyashika zaidi, kwa ajili yake. Mtu wa tatu, basi, nikawa mimi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, Jumamosi moja asubuhi, baba alikuwa ameiwasha pikipiki uani na mimi nilikuwa nimechuchumaa na mpira sikioni. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba iko safi. Mke wangu alileta chai, akaiweka kwenye kigoda, akasogea hatua mbili, kisha badala ya kurudi jikoni akasimama. Kichwa alikiinamisha upande.

"Mwambie baba kuna kitu kinagonga," alisema, akinitazama mimi. "Upande wa kulia, chini kidogo."

Baba alikuwa karibu naye kuliko nilivyokuwa mimi. Alisikia kila neno. Lakini alingoja, kama desturi inavyotaka, akitazama tangi.

"Baba, anasema kuna kitu kinagonga upande wa kulia, chini kidogo."

"Mwulize kinagonga mfululizo, au kinaruka."

Nilimwuliza. Alisema kinaruka, kinagonga mara mbili na kupumzika. Nikamfikishia baba. Baba aliuchukua mpira kutoka mkononi mwangu, akainama, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akafungua kifuniko cha upande wa kulia, na ndani ilikuwepo valvu iliyoachia nafasi ya kupitisha karatasi ya daftari. Alicheka. Tangu tulipomzika mama sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Aliniambia nimwambie mwenzangu kwamba ana sikio.

Nikamwambia. Yupo pale pale, kalisikia, anatabasamu na macho chini, nami namrudia neno kwa neno kama mkalimani wa mkutano: baba anasema una sikio.

Kuanzia hapo Jumamosi zikabadilika. Baba hakuniuliza tena kama nasikia, alinituma. Mwulize hivi, mwambie vile. Kazi ilikuwa na taratibu zake. Baba alifungua, akaweka boliti kwenye kigoda. Mke wangu akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazirudisha kwenye kigoda. Spana ilitoka kwa mmoja ikapumzika pale kabla ya kwenda kwa mwingine. Mimi nilisimama katikati, mikono mitupu, maneno yao yakipita ndani yangu kama hewa katika ule mpira. Jioni nilikuwa na koo kavu, na sikuwa nimesema neno langu mwenyewe hata moja.

Roho iliniuma mpaka nikaona aibu. Nilianza vituko vidogo. Nilikisogeza kigoda mbali ili wahangaike. Niliufupisha ujumbe: yeye akisema maneno ishirini, nami namfikishia baba matano. Jumamosi moja kabla hawajatoka nje nilichomoa waya wa plagi ya kushoto, nikauacha umegusa tu, ili naye aonekane hasikii, kama mimi. Mke wangu aligundua kosa kabla chai haijapoa. Baba aliniambia nimwambie kwamba hata Mtaliano asingeligundua upesi hivyo. Nikamwambia.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na mahali pengine niliposhiba sifa. Asubuhi niliiendesha mpaka shuleni mjini, na vijana wa bodaboda walisimama kuitazama. Waliniita mtaalamu. Waliniuliza naitunzaje, mashine ya umri ule, nami niliwaeleza habari za valvu na kabureta, tena kwa kina, maana kwa miaka yote niliyobeba ujumbe nilikuwa nimeyakariri. Mzungu mmoja aliyekuja kutembea milimani aliniomba anipige picha nayo. Nilisimama kifua mbele. Jioni nikirudi nyumbani na kumkuta mke wangu amekaa mlangoni anashona, nilimchukia kwa dakika tano au sita, mpaka nilipovua kofia.

Sasa inabidi nieleze habari ya jeti, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Jeti ni kijiti cha shaba chenye tundu katikati, kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachokaa ndani ya kabureta na kupima petroli inayoingia kwenye injini. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini inataka petroli kidogo. Bondeni hewa ni nzito, inataka petroli nyingi. Kwa hiyo baba alikuwa na kopo la kahawa lenye viberiti viwili ndani yake. Kimoja alikiandika JUU, kingine CHINI. Pikipiki ikiwa inashuka bondeni, lazima usimame njiani, ufungue kabureta, utoe jeti za juu, uweke za chini. Ukienda na jeti za juu bondeni, injini inakosa petroli ya kutosha, inapata moto kupita kiasi, na pistoni inaungua. Hiyo ndiyo elimu yote. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Habari ya hewa nyepesi ya mlimani naiandika ubaoni kila mwaka.

Dada wa mke wangu ameolewa Mnazi, kule bondeni kwenye joto, na alikuwa amejifungua. Mke wangu alikuwa amemshonea mtoto nguo, tukakubaliana twende Jumamosi. Ijumaa jioni baba aliniita uani.

"Kesho mnateremka," alisema. "Mwambie mwenzio asisahau jeti. Abadilishe pale kwenye jiwe."

Jiwe analolisema lipo kwenye barabara ya kushukia, ukishaipita Malindi, mahali ambapo baridi inakuacha na joto linaanza kukupiga usoni. Baba amebadilishia jeti pale tangu ujana wake.

Lakini mimi sikusikia jiwe wala jeti. Nilisikia "mwambie mwenzio". Pikipiki ni yangu, ninayeiendesha ni mimi, kadi ina jina langu, na baba ananituma nimkumbushe mtu atakayekaa nyuma. Nilisema ndiyo baba. Niliingia ndani, nikamkuta mke wangu anachambua mboga. Alinitazama, nikamwuliza kama maji ya kuoga yako tayari.

Nilijipa moyo kwamba jeti nitazibadilisha mwenyewe. Nililitia kopo la kahawa kwenye mfuko wa kando nikiwa na nia hiyo kabisa. Asubuhi baba alikwenda kwenye sala za jumuiya, nasi tukaondoka kabla hajarudi.

Malindi tulisimama kusalimia kwa wakwe. Shemeji zangu wawili walitoka shambani na matope miguuni, wakaizunguka pikipiki. Utani wa shemeji hauna breki. Mmoja aliniuliza fundi leo amekaa wapi, mbele au nyuma. Mwenzake akajibu kwamba mbele amekaa dereva. Majirani waliokuwa wamesogea kutazama walicheka, mama mkwe alicheka akiwa ameficha mdomo kwa kanga, na mke wangu naye alicheka. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma, nikapiga kiki kwa hasira, na bahati yangu ikawaka mara ya kwanza.

Tukaanza kushuka. Kwenye jiwe walikuwepo vijana watatu wa bodaboda wamepumzika, na wawili nawafahamu, ni wa mjini. Mmoja aliinua mkono kunisalimia, mtaalamu. Mke wangu alinigonga begani mara mbili, ndiyo ishara yake ya kusema simama.

Nilipunguza mwendo. Niliyaona yote kabla hayajatokea: yeye amechuchumaa na bisibisi, mimi nimesimama nimeshika kofia, na wale vijana wanatazama. Nami nikiamua kuchuchumaa mwenyewe, kwa mikono isiyowahi kufungua kabureta bila kuelekezwa, yeye atasimama juu yangu akiniambia geuza huku, geuza kule.

"Baba ameshazibadilisha jana," nilisema bila kugeuka.

Injini ilikuwa inaunguruma chini yetu, na najua alikuwa anaisikiliza.

"Mbona mlio ni ule ule?"

"Sasa wewe unajua kuliko baba?"

Aliuondoa mkono begani kwangu, akashika chuma cha nyuma ya kiti. Nikawapungia wale vijana, nikapita.

Mteremko hauichoshi injini, kwa hiyo mpaka chini hakuna kilichotokea, na nilianza kujiona niko sahihi. Tulipofika tambarare, barabara ikanyooka, nikaivuta. Ni pikipiki ya mbio na pale ndipo inapopendeza. Nadhani nilitaka asikie jinsi ninavyoijua. Ilianza kutoa mlio mwembamba, kama changarawe ndani ya sufuria, na huo, nakiri, hata mimi niliusikia. Alinipiga mgongoni kwa kiganja. Kabla sijaachia mafuta, gurudumu la nyuma likakwama, pikipiki ikaserereka, tukaenda kando ya barabara kwenye vumbi na miiba.

Hatukuumia sana. Yeye alichubuka kiwiko, mimi goti. Alinyanyuka kabla yangu, akanitazama kama niko mzima, kisha akaenda kwenye pikipiki. Aliifungua plagi kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto. Ilikuwa nyeupe kama majivu. Akafungua kabureta, akatoa jeti, akaiinua machoni kusoma namba yake. Kisha akalichukua kopo la kahawa kutoka mfuko wa kando, akafungua kiberiti cha CHINI, akaona jeti zote zimo. Alikifunga. Ile jeti ya juu aliifunga kwenye pindo la kanga yake. Nilitamani anitukane, angalau nipate la kujibu.

Mnazi tulifika tukiisukuma. Tulimwona mtoto, tukala wali, watu wakatupa pole, na siku ya pili fuso la mchele likatupandisha na pikipiki yetu imelala juu ya magunia.

Baba aliifungua injini uani Jumatatu jioni, mimi nikiwa nimetoka shuleni. Alifanya taratibu, kwa mikono yake inayotetemeka. Pistoni ya kulia ilipotoka, ukingo wake mmoja ulikuwa umeliwa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Aliigeuza, akaigeuza tena. Mtaliano aliikabidhi ikiwa nzima, na baba akaitunza maisha yake yote ya utu uzima. Aliiweka juu ya kigoda.

Mke wangu alikuwa amesimama mahali pake. Mimi nilikuwa mahali pangu.

"Mwulize mwenzio," baba alisema, "ujumbe wa jeti aliupata?"

Nilimgeukia mke wangu. Sikuwa na haja ya kurudia swali; alilisikia, na alijua kuwa baba anajua amelisikia. Lakini desturi ni desturi. Nilifungua mdomo.

"Baba anauliza kama ujumbe wa jeti uliupata."

Alinitazama. Pindo la kanga lilikuwa limefungwa kiunoni, fundo dogo limetokeza. Nilijua kilichomo. Nilijua pia kwamba ningeweza kusema mwenyewe, pale pale, sentensi moja tu, baba, sikumfikishia. Ilinifika mpaka kwenye meno.

"Mwambie baba niliupata," alisema. "Mwambie nilisahau."

Nimefanya mambo mengi ya hovyo maishani, lakini yote niliyafanya kwa ujanja, nikijificha. Hili nililifanya nikiwa nimesimama wima, kwenye mwanga, mbele ya watu wawili wanaonijua kuliko wengine wote, na wote wawili walikuwa wanaujua ukweli.

"Baba," nilisema, "anasema aliupata. Anasema alisahau."

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakunitazama. Alinyoosha mkono wake, kiganja kikiwa wazi, akaupitisha mbele ya kifua changu.

"Mama," alisema, "nipe hiyo bisibisi."

Miaka yote ile hakuwahi kumwita. Mke wangu alishtuka. Aliichukua bisibisi, akaiweka kwenye kigoda kama kawaida, akasogea. Baba hakuichukua. Kiganja kilibaki wazi kinatetemeka. Mke wangu alinitazama, akatazama kigoda, akaiinua tena ile bisibisi na kuiweka ndani ya mkono wa baba.

"Ahsante, mama," baba alisema. "Sasa niambie ilianza kulia wapi."

Naye akamwambia. Kwanza kwa sauti ndogo na macho chini, kisha akasogea karibu akamwonyesha kwa kidole. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati yao. Kwa miaka nililalamika moyoni kwamba mimi si kitu ila mpira wa kupitishia maneno, na siku ile nilipoondolewa ndipo nilipojua kwamba ule mpira ulikuwa nafasi yangu. Hakukuwa na nyingine. Nilikwenda kuwasha taa ya jikoni, ingawa kulikuwa bado na mwanga.

Sijamwambia baba, naye hajaniuliza. Mke wangu hajalitaja hata tulipogombana kwa mengine, na mwanamke ambaye ana silaha kama ile na haitumii anaweza kukutia wazimu. Jeti niliikuta wiki hiyo kwenye kiberiti cha JUU, mahali pake.

Pistoni ilipatikana baada ya miezi mingi, kwa fundi wa Arusha aliyeichonga kutoka ya mashine nyingine. Miezi yote hiyo walizungumza. Niliporudi kutoka shuleni niliwakuta uani, yeye ameleta cherehani yake karibu na benchi la baba, wanaongea habari ya ringi za pistoni, habari ya marehemu mama, habari ya jinsi Mtaliano alivyokuwa akila ugali kwa uma. Hiyo ya uma mimi sikuwahi kusimuliwa. Nilikaa nayo rohoni siku tatu.

Jumamosi ya kuiwasha, mimi ndiye niliyepiga kiki, kwa kuwa kati yetu mwenye mguu wa nguvu ni mimi. Ilishika mara ya nne. Ikatetema, ikatoa moshi wa mafuta mapya, ikatulia. Nikashuka na kusimama mahali pangu pa siku zote, mpaka nikaona baba anainamisha kichwa ili amwone mke wangu vizuri. Nilikuwa nimewaziba. Nikapanda barazani.

Baba aliuchukua mpira, akampa mkononi. Mke wangu aliweka ncha sikioni, nyingine kwenye kabureta ya kulia, akafumba macho. Akahamia ya kushoto. Akarudi kulia.

"Unasikia?" baba aliuliza.

Nilijikuta nimefungua mdomo. Lile swali lilikuwa langu, na jibu lake nimelitoa maisha yangu yote. Lilinijia lenyewe ulimini.

"Sisikii, baba," mke wangu alisema. "Bado. Tuizime, tuwashe upya."

Nilimtazama baba usoni, nikingoja uso ufungike. Huo uso uliofungika ndio nilioukimbia tangu utotoni. Haukufungika. Alisema sawa, hata yeye sauti ya kushoto haijamwingia vizuri, akanyoosha mkono akaizima injini. Uani kukawa kimya. Kisha akaniita nije nipige kiki tena.